Duara la Nyuzi Ishirini na Nne

Gafsa, 2 Machi 1986

Ulfa, jicho langu,

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa mkono wa kuandika, japo shule yangu iliishia darasa la nne na kalamu nimeizoea kuliko ilivyonizoea mimi. Salamu nyingi. Baada ya salamu ni kwamba barua yako imefika, pamoja na lile duara la rangi ulilolichora, na mvua haikuligusa. Nimelibandika ukutani juu ya kitanda cha kufumia. Dhahbia jirani alipoliona alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Mahbuba, miaka hamsini na mitatu ndiyo unaanza shule? Bado kukushonea gwanda tu."

Nikamwambia cheka, lakini ukimaliza njoo utazame. Nimefuma tangu nina miaka tisa. Nyekundu kando ya kijani nimeiweka mara ngapi? Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Hizo mbili zikikaa pamoja zinapiga kelele, weka nyeusi katikati izinyamazishe." Leo wewe unaniandikia kwamba zinapiga kelele kwa sababu kwenye duara zinatazamana uso kwa uso. Basi mama alijua, ila hakujua kwamba anajua.

Usiniandikie tena kwamba unataka kurudi nyumbani. Ile barua yako ya Februari ilikaa kifuani kwangu kama jiwe. Unasema wenzako wana jicho la rangi na wewe huna, na kwamba ukianguka mtihani wa Juni chuo kitakutoa. Marehemu mdogo wangu alikuacha mikononi mwangu una meno mawili. Sikukulea mpaka ukaota yote uje ushindwe na duara. Tutajifunza wote wawili. Kila somo unalofundishwa niandikie, nami nitazungusha nyuzi kwenye kadi kama ulivyonieleza, nikutumie unisahihishe. Kadi sita za kwanza zimo humu.

Umeuliza habari za moyo. Daktari amesema kidonge kimoja cheupe kila asubuhi, nisizidishe wala nisipunguze, na mwaka huu nisifunge, hata Ramadhani. Alilisema mara mbili, kama mtu anayesema na kiziwi. Nami nikaitikia mara mbili.

Mama yako mkubwa,
Mahbuba


Tunis, 9 Machi 1986

Mama Mkubwa mpenzi,

Nakubusu kichwa na mikono yote miwili. Kadi zako nimezipata. Nilikaa nazo kitandani nikitafuta cha kusahihisha na sikukiona. Nilimwonyesha Bi Faika, mwalimu wetu wa rangi, naye hasifii mtu ovyo. Alizipenda.

Jambo dogo tu: usiandike jina lako nyuma ya kadi. Wino unapenya.

Sasa somo la wiki hii. Chukua donge moja la sufu ya kijivu, ukate vipande viwili. Kimoja kifume katikati ya nyekundu, kingine katikati ya kijani, kisha uniambie unaona nini. Bi Faika anasema rangi haina tabia yake peke yake, tabia inaipata kwa jirani. Ukitaka kuujua uzi kweli, utoe kwa majirani zake, ulaze kiganjani, halafu muulize mtu mwingine anauonaje, kwa maana jicho moja ni shahidi mmoja.

Baada ya hapo naomba duara kamili. Nyuzi ishirini na nne, kutoka nyekundu mpaka urudi kwenye nyekundu, kila mmoja umpokee mwenzake bila kuruka. Mimi nimejaribu mara tano. Mara zote tano nimepotea pale buluu inapoingia zambarau.

Rajabu inaingia wiki hii na najua unavyopenda kuifunga. Mwaka huu hapana, Mama Mkubwa. Niapie.

Binti yako,
Ulfa


Gafsa, 21 Machi 1986

Ulfa, jicho langu,

Kijivu chako kimeniletea ugomvi na jirani. Nilifuma kama ulivyosema, nikamwita Dhahbia.

"Huu ulio kwenye nyekundu umeelekea kijani," akasema. "Na huu wa kwenye kijani umeona haya, mashavu yamemwiva."

"Ni uzi mmoja, Dhahbia. Donge moja, kondoo mmoja."

"Kondoo mmoja labda, lakini mkia na kichwa."

"Nimekata kwa mkasi huu hapa."

"Mahbuba, mimi nina macho. Wewe una barua."

Nikazifumua mbele yake, nikaziweka zote mbili kwenye kiganja chake. Akazitazama, akazigeuza, akanitazama mimi kana kwamba nimemroga. Akasema astaghfirullah, akaenda kuangalia mkate wake. Baadaye alirudi akasimama mlangoni. "Sasa na sisi watu je? Mimi nikikaa na wifi yangu nakuwa mchungu, nikija kwako mtamu. Nani Dhahbia wa kweli?" Nikamwambia tutakupeleka kiganjani kwa Mungu, yeye atasema. Tukacheka, lakini nililifikiria lile swali siku nzima.

Duara lako limo kwenye bahasha kubwa. Nyuzi ishirini na nne nilizipanga kwa muda wa mikate miwili kuiva. Pale buluu inapoingia zambarau usitumie akili. Tumia subira. Weka nyuzi mbili, ondoka, kata vitunguu, rudi. Ule ulio mahali pake utakaa kimya.

Umetaka nikuapie. Kuapa kwa kila jambo hakupendezi. Nakwambia tu kwamba jana Dhahbia aliniletea kuskusi kwa samaki mkavu na bakuli lake lilirudi tupu.

Mama yako mkubwa,
Mahbuba


Tunis, 3 Aprili 1986

Mama Mkubwa,

Naandika haraka, nina kipindi. Duara liko ukutani darasani! Bi Faika alilisimamia dakika nzima, akaita darasa la mwaka wa tatu waje waone. Alisema miaka kumi na tisa ya kufundisha hajapata mwanafunzi mwenye pembe ya buluu safi namna ile.

Zoezi linalofuata ni ngazi: nyuzi tisa kutoka nyeupe kabisa mpaka buluu ya usiku, kila daraja sawa na lenzake. Naliomba kabla ya mwisho wa mwezi. Na usisahau, bila jina.

Umesema bakuli lilirudi tupu. Hukusema ulikula saa ngapi.

Ulfa


Gafsa, 19 Aprili 1986

Ulfa, jicho langu,

Nimechelewa, unisamehe. Mwezi huu kila kitu kinanichelewesha. Kwanza sabuni. Nimefua sufu nyeupe mara tatu na kila ikikauka ina umanjano. Nikampelekea Dhahbia, maana sabuni tulinunua pamoja.

"Tumeuziwa takataka," nikamwambia. "Tazama."

"Nitazame nini? Nyeupe kama jino la mtoto."

"Jino la mtoto mvuta sigara."

"Mahbuba, umelala vizuri?"

Nimelala vizuri. Ila yeye siku hizi ana dharau kidogo, nadhani ni lile jambo la kijivu bado linamkera.

Pili ni buluu. Nilinunua mafungu mawili sokoni, nilipofika nyumbani nikaona moja ni jeusi. Nikarudi. Muuza nyuzi akalitoa juani, akalishika juu kwa vidole viwili. "Bibi, buluu ikizidi hii itaanza kuingiza samaki kama bahari." Watu wakacheka. Nikaona haya, nikaondoka na nyuzi zangu. Mtu aliyeniuzia tangu ujana wangu leo ananichezea mbele ya watu. Kitu hicho kimenikata hamu ya kula. Hata chai ya mnanaa inanigeuka tumboni.

Ngazi yako nimeipanga hivyo hivyo. Sikuridhika nayo. Daraja la kwanza na la pili nilikuwa nikiyabadilisha, nikibadilisha tena, na kila nilivyofanya ilikuwa sawa. Wewe utaona.

Shaabani imeshika kasi. Mungu atufikishe Ramadhani.

Mama yako mkubwa,
Mahbuba


Tunis, 30 Aprili 1986

Mama Mkubwa,

Nina jambo la kuungama na naomba ulisome umekaa.

Kadi zako zote, tangu zile sita, nimezitoa kwa Bi Faika kwa jina langu. Lile duara lililoko ukutani lina karatasi chini yake yenye jina langu. Wino haupenyi. Nilikudanganya. Nilijiambia nitatoa zako mpaka jicho langu lifunguke, na halijafunguka.

Jana niliitoa ngazi bila kuitazama vizuri, kwa kuwa nimezoea kwamba huna makosa. Bi Faika aliilaza mezani, akaweka kidole kwenye daraja la pili. Mama Mkubwa, daraja lako la pili ni manjano. Hafifu, kama siagi, lakini manjano, limekaa kati ya nyeupe na samawati. Na daraja la tisa ni jeusi. Si buluu ya usiku. Jeusi.

"Ulfa," akasema, "aliyepanga lile duara na aliyepanga hii ni mtu mmoja?"

"Ndiyo," nikasema, na mwaka huu wote hilo ndilo neno la kweli pekee nililomwambia.

"Basi mtu huyo anatazama dunia kupitia glasi ya asali. Nenda kwa daktari wa macho. Wiki hii, usingoje ijayo."

Nikasema nitakwenda. Alinitazama machoni mwangu, akanigeuza uso kwenye dirisha kama anayekagua kitambaa. Nilitaka kumwambia pale pale. Lakini mtihani ni tarehe sita Juni, na nikimwambia leo nimekwisha. Nitamwambia baada ya mtihani. Ni wiki tano tu.

Macho yako yakoje? Nenda zahanati kabla Ramadhani haijaingia. Niandikie hata mstari mmoja. Na kama umenikasirikia, niandikie hata tusi.

Ulfa


Gafsa, 13 Mei 1986, nne Ramadhani

Ulfa, jicho langu,

Tusi sina. Hilo la jina liliniuma siku moja, siku ya pili likapoa. Kadi ni mkono wangu, na mkono wangu ndio uliokuvisha nguo. Lakini umdanganye mwalimu? Mwalimu ana haki kama mzazi. Mwambie. Usingoje tarehe.

Nawe umeungama, basi nami niungame. Na hili usimwambie mtu, hata Dhahbia hajui.

Macho yangu hayaumwi. Yamefunguliwa. Tangu siku mbili kabla ya mwezi kuandama, ukuta wangu wa chokaa umekuwa wa dhahabu. Si jioni, si alfajiri. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, na ukuta unang'aa kama umepakwa asali. Shuka kwenye kamba ni za dhahabu. Paka wa Dhahbia, yule mweupe mwizi, anapita juu ya ukuta akiwa wa dhahabu kama paka wa sultani. Na nikiwasha taa wakati wa kufuturu inavaa duara, Ulfa, duara kamili kama lako, ila la nuru. Mwalimu wako ametaja asali. Hakukosea. Ni asali tupu.

Nililia siku ya kwanza. Mimi mwanamke wa sufu na vitunguu, nani mimi nionyeshwe haya? Kisha nikajua ni jibu.

Ile barua yako ya Februari, uliyosema unarudi, niliweka nadhiri siku ile ile kwenye mkeka wa kuswalia. Miezi mitatu mfululizo kwa ajili ya Mungu, Rajabu, Shaabani na Ramadhani, ili ufaulu. Najua nadhiri hulipwa baada ya haja kutimia. Mimi nimelipa mbele, kwa kuwa moyo huu sikuwa na hakika kama utanisubiri mpaka Juni. Ndiyo, bakuli la Dhahbia lilirudi tupu. Lilirudi baada ya magharibi.

Usianze kulia. Dawa sikuiacha, si mjinga. Kidonge cha asubuhi nimekihamishia magharibi, ndicho ninachomeza na tende. Na kwa kuwa mchana mwili ulikuwa unalegea, mwisho wa Rajabu nikaongeza cha pili, na sasa Ramadhani cha tatu, dawa ifanye kazi iliyoikosa mchana. Na kweli moyo umetulia. Zamani ulikimbia kama kuku. Siku hizi unatembea kama punda aliyeshiba: hatua, halafu anasimama kufikiri, halafu hatua.

Kadi iliyomo humu nimeifuma kwa nyeupe peke yake, nyeupe sita za kondoo sita, nipate kukuonyesha jinsi zinavyong'aa. Sijui kama kwenye bahasha nuru itafika.

Mama yako mkubwa,
Mahbuba


TELEGRAMU
Tunis, 19 Mei 1986, saa nne asubuhi

KWA MAHBUBA, GAFSA. FUNGUA SAUMU SASA HIVI. USINGOJE MAGHARIBI. USIMEZE KIDONGE KINGINE. ILE NURU NI DAWA IMEZIDI MWILINI. KADI YA NYEUPE INA MANJANO TATU. MUULIZE DHAHBIA RANGI YA UKUTA. NENDA HOSPITALI LEO. NAKUJA. ULFA


Gafsa, 19 Mei 1986, alasiri

Ulfa, jicho langu,

Mtu wa posta amebisha saa tisa. Najua uko njiani na barua hii haitakukuta Tunis, lakini Dhahbia amekwenda kumwamsha mumewe alete gari, na mkono wangu haujui kukaa bure. Nitaiacha juu ya kitanda cha kufumia.

Nilisoma telegramu mara nne. Neno moja tu lilinichoma, lile la nuru. Nikakukasirikia. Nikasema, huyu mtoto nimemfungia saumu, mwezi wa tatu huu, Mungu amenijibu, na yeye na mwalimu wake wanataka kuniambia Mungu amekaa ndani ya chupa ya vidonge. Nikaikunja. Nikaiweka chini ya sahani ya tende. Vidonge vya leo vitatu vilikuwa hapo hapo kando yake, nimeshavitoa, vinangoja adhana. Vyenyewe pia vya dhahabu. Na zilikuwa zimebaki saa nne tu. Saa nne ni nini kwa mtu aliyefunga siku sabini?

Kisha nikakumbuka somo lako. Uzi utolewe kwa majirani zake, ulazwe kiganjani, na jicho moja ni shahidi mmoja.

Nikaenda kwenye kapu, nikatoa nyuzi za rangi mbili, moja nyeupe ya mwanakondoo, moja manjano ya ganda la komamanga. Nilizitoa kwa kuzijua mahali pake kapuni, maana mimi hupanga. Nikazichanganya nyuma ya mgongo. Nikazilaza kiganjani, nikatoka nazo juani, nikazitazama. Ulfa, zilikuwa dada pacha. Nikamwita Dhahbia ukutani.

"Dhahbia, ipi nyeupe?"

"Umeanza tena michezo yako? Nina sufuria motoni."

"Ipi nyeupe, ndugu yangu."

Akanyoosha kidole bila hata kufikiri. "Hii. Ile nyingine ni kama limau."

"Na ukuta wangu?"

"Ukuta wako una nini?"

"Una rangi gani?"

Akanitazama. Ule mzaha wote ukamtoka usoni. "Mweupe, Mahbuba. Ulipaka chokaa wewe mwenyewe siku ya maulidi. Nilikushikia ngazi." Kisha akauliza polepole, "Wewe unauona vipi?"

Nikazifumba nyuzi kiganjani. Nilikuwa nafikiri. Kama ile nuru ingekuwa ukutani, yeye naye angeiona, maana ni mwanamke mwema, anaswali kuliko mimi, na Mungu hana sababu ya kumficha. Kama ingekuwa rehema ya kuniongezea, mbona imeniondolea? Nilikuwa na buluu, sina. Nilikuwa na nyeupe, sina. Nilimtukana muuza nyuzi moyoni mwezi mzima na mtu yule hakunidhulumu. Itabidi nimwombe radhi. Rehema haimfanyi mtu amdhulumu muuza nyuzi.

Kwa hiyo si ukuta. Ni mimi niliyepakwa.

Dhahbia alishaanza kulia, anasema, "Umefunga? Na ule moyo, umefunga?" na kunipiga begani kwa kiganja, kisha akanishika asije akawa ameniumiza, kisha akanipiga tena. Alinijazia maji kwenye kile kikombe cha bati. Nikamwambia ageuke kidogo. Nilikuwa sijawahi kunywa mchana wa Ramadhani mbele ya mtu tangu nivunje ungo, isipokuwa siku za ada, na hata hizo nilijificha.

Nimemwambia Mungu: nadhiri yangu unaijua, na mtoto unamjua, na hiki kikombe unakiona. Kama ninakosea, kosa niandikie mimi, usimwandikie yeye mtihani.

Niliyatazama maji. Ulfa, mpaka sasa kila kitu ni kizuri mno. Nilitegemea kwamba nikishajua kitapungua. Hakijapungua. Maji yalikuwa ya dhahabu mpaka chini ya kikombe.

Nimeyanywa hivyo hivyo.

Gari linapiga honi. Punda amesimama kufikiri mara mbili tangu nianze ukurasa huu.

Mahbuba


Hospitali, Gafsa, 29 Mei 1986

Kwa mwalimu wangu, Bi Faika,

Uliniambia nikifika niandike. Nimeshindwa mpaka leo.

Asubuhi ile nilipokuja mlangoni kwako na kadi ya nyeupe na barua mkononi, nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba radhi. Hukuyangoja. Ulisoma mahali pale penye vidonge vitatu, ukauliza anameza dawa gani, ukasema baba yako alimeza hiyo hiyo na mwishoni alikuwa akirudisha maziwa jikoni, akisema yana manjano. Kisha ukanisukuma kwenda posta. Habari ya baba yako hukuimalizia, nami sikuiuliza.

Nilimkuta hai. Siku tatu za kwanza walimwekea maji ya mshipani na mashine yenye sindano inayochora moyo wake kwenye karatasi, na mimi niliitazama ile karatasi ikitoka. Kuna mahali mstari unakwenda kama kawaida, halafu unalala tambarare, mrefu, halafu unakumbuka. Nimekusanya vipande vya karatasi ile. Sijui kwa nini. Daktari anasema dawa inatoka mwilini taratibu, na macho yatarudi, karibu yote, pengine yote. Kuhusu moyo hakusema neno kama hilo. Nilimuuliza mara mbili. Mara zote mbili alinijibu kuhusu macho.

Mtihani wa tarehe sita sitafika. Lile duara lililoko ukutani lifanyieni mnavyoona inafaa, ila naomba karatasi yenye jina langu itolewe leo. Kama chuo kitanirudisha mwaka kesho kuanza upya nitashukuru. Kama hakitanirudisha, hapa kuna kitanda cha kufumia chenye kazi iliyofika nusu, na nimeitazama kwa makini. Ukianza chini kwenda juu, nyeupe yake inageuka siagi, kisha limau, na buluu inaingia weusi kidogo kidogo, mstari kwa mstari, tangu Aprili. Habari yote iliandikwa pale. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza angeisoma. Mimi nilikuwa nabandika jina langu juu yake.

Jana aliomba kapu lake. Dhahbia amelileta, pamoja na supu na maneno yake. "Wengine wakiugua huomba Kurani," akamwambia, "wewe unaomba sufu." Mama Mkubwa akasema Kurani anayo kichwani, sufu ndiyo haingii.

Leo tangu asubuhi anapanga duara, upya, nyuzi ishirini na nne juu ya shuka la hospitali. Anakwenda polepole sana. Kabla ya kuanza aliichukua kadi, akaigeuza, akaandika jina lake lote nyuma, kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu. Wino umepenya mpaka upande wa pili. Kumbe hupenya kweli.

Nyekundu zimekaa. Machungwa, manjano, kijani, buluu za mwanzo, zote zimekaa. Zambarau amezipanga kwa kuanzia upande wa nyekundu, amerudi nazo nyuma. Imebaki nafasi moja, pale buluu inapoingia zambarau, na uzi mmoja. Ameushika kwenye kiganja kwa zaidi ya saa moja sasa, anausogeza dirishani, anaurudisha. Mara mbili ameufumba mkononi akapumzika, na mimi nikatazama kifua chake mpaka kikapanda tena.

Sasa hivi ameniuliza, "Jicho langu, huu ni mweusi?"

Nafasi ni moja tu. Angeweza kuuweka pale kwa kuhesabu, lakini hataki kuhesabu. Anataka kuuona. Nimekalia mikono yangu isije ikamwonyesha, Bi Faika, na sijamjibu.

Ulfa